Nyumba ya Nyigu wa Matope

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo niliielewa vizuri siku nilipofundisha watoto wa gredi ya tatu habari za nyigu wa matope.

Sisi wanafunzi wa kutwa, zamu ya usafi ikifika, hubomoa nyumba za nyigu hawa kwa ufagio bila kufikiri. Mimi nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Muhula uliopita mwalimu wetu wa biolojia alituma watu wanne tukafundishe shule ya msingi iliyo jirani. Nilibeba nyumba moja kuukuu yenye matundu.

Kwanza niliwagawia watoto udongo mbichi. Kila mmoja ajenge chumba kirefu kama pingili ya kidole, akitumia vitonge vidogo na ncha za vidole viwili tu. Vyumba vikaanguka! "Hii kazi ni ngumu," walilalamika. Nikawaambia nyigu jike huijenga peke yake, akibeba kitonge kimoja kimoja kwa mdomo.

Pili, tuliipasua ile nyumba kuukuu kwa kisu. Mlikuwa na miguu mikavu ya buibui na kifuko kitupu. Nikaeleza: mama huwadunga buibui wakapooza bila kufa, ili wasioze. Huwajaza chumbani, hutaga yai moja, huziba mlango, basi harudi tena. Buu akianguliwa huwala buibui hao, hujisokotea kifuko, na akishakuwa nyigu kamili hutafuna ukuta akatoka. Hilo ndilo tundu.

Msichana mmoja akaonyesha nyumba nyingine juu ya dirisha lao. "Ile haina tundu. Kwani mtoto bado yuko ndani?"

Nilinyamaza kidogo. Nilikuwa nimekumbuka ufagio wangu. "Huenda yumo," nikajibu.

"Tuivunje tuone!" wenzake wakapiga kelele.

"Aka! Mama yake hayuko. Nani atamjengea ingine?"

Mwalimu wao akaandika tarehe kwa chaki chini ya nyumba ile, na watoto wakapewa kazi ya kuiangalia kila asubuhi. Hadi ninapoandika makala haya, tundu bado. Nami nikirudi nyumbani jioni hupitia pale kuchungulia.

Ndugu msomaji, zamu yako ikifika, tafuta tundu kwanza kabla hujainua ufagio.