SOMO LA UFUNDI: Kagua Waya Kabla ya Kununua Sensa

Katika somo hili tutazungumza juu ya magari ya petroli yasiyo na kabureta, yale ambayo mafundi huyaita EFI. Toyota Corolla nyingi za miaka ya 1990 ni za aina hii.

Gari likikataa kuwaka hapa Garsen, si jambo dogo. Kwenda Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na kuvutwa hadi huko ni gharama kubwa. Tena pengine gari hilo ndilo linalongojewa limpeleke mama mja mzito hospitalini Hola. Basi fundi hutazama kidogo, kisha husema, "Sensa imekufa, leteni nyingine." Mbuzi anauzwa, sensa inaletwa, inafungwa, na gari bado halitaki. Kumbe ubovu ulikuwa kwenye waya!

Jinsi mambo yanavyofanya kazi

Kwenye EFI, kompyuta ndogo ndiyo inayoamua injekta zimwage mafuta kiasi gani. Yenyewe haioni injini. Inategemea sensa (siyo ile ya kuhesabu watu!), yaani vipimo vya joto la maji, hewa inayoingia, na mwendo wa injini. Habari hizo hupita kwenye waya na soketi.

Fikirini barua inayotoka Ngao wakati mto umefurika na barabara imekatika. Barua haifiki, lakini aliyeiandika ni mzima. Ndivyo ilivyo kwa sensa na waya wake. Na huku kwetu adui za waya ni wengi: vumbi, tope, panya wanaotafuna, na maji ya mafuriko kama yale ya El Niño ya 1997-98 na ya mwisho wa 2023.

Hatua za kufuata

1. *Uliza kwanza.* Linakataa asubuhi likiwa baridi, au likishapata moto? Lilianza baada ya kupita majini? Au baada ya kuoshwa injini? Majibu haya ni nusu ya kazi.

2. *Angalia betri na waya wa athi.* Betri nzima ikiwa imepumzika huonyesha kama volti 12.6. Injini ikinguruma, mita isome kati ya 13.5 na 14.5. Safisha vichwa vya betri, kisha fuata waya wa athi mpaka unapofungwa kwenye injini na bodi. Athi ikilegea, sensa nyingi huonekana mbovu kwa pamoja.

3. *Angalia fyuzi* iliyoandikwa EFI. Ikiungua, usiweke kubwa zaidi wala waya mtupu. Tafuta kilichoiunguza.

4. *Soma taa ya injini.* Kwenye Toyota nyingi za wakati ule kuna kisanduku kidogo chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha washa swichi bila kustati injini. Usiunganishe matundu mengine kwa kubahatisha. Taa ikimetameta haraka mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa lililowekwa. Ikimeta mara mbili, ikapumzika, ikameta tena mara mbili, hiyo ni 22: njia ya sensa ya joto la maji. Tunasema *njia*. Namba haisemi sensa imekufa. Inasema habari haifiki sawasawa.

5. *Pima sensa yenyewe.* Zima swichi, chomoa soketi, pima kwa mita upande wa omu. Sensa ya joto la maji ya Toyota hizo ikiwa baridi husoma karibu omu 2,000 au zaidi kidogo. Maji yakifika nyuzi 80 hushuka hadi karibu 300. Ikishuka hivyo polepole injini inapopata moto, sensa ni nzima. Usiitupe.

6. *Pima waya.* Soketi ikiwa bado imechomolewa, washa swichi na upime volti kati ya waya zile mbili. Tarajia karibu volti 5. Kama hakuna, waya umekatika, au njia ya kurudi kwenye athi ni mbovu, au mara chache kompyuta yenyewe. Tikisatikisa waya huku ukitazama mita. Namba ikirukaruka, umefika penyewe.

Ubovu unaojificha

Kutu ya kijani ndani ya soketi huongeza omu. Kompyuta ikiona omu nyingi hudhani injini ni baridi, kwa hiyo humwaga mafuta mengi. Gari hutoa moshi mweusi na kunywa petroli kama maji, na hata hivyo taa ya injini yaweza isiwake, kwa sababu namba bado ni ya kuaminika machoni pa kompyuta. Kwa hiyo taa ikinyamaza, usiseme waya ni salama. Fungua soketi utazame.

Kutengeneza waya

Kata waya ulioharibika mpaka ufikie shaba inayong'aa. Iliyogeuka nyeusi haishiki. Sokota, chomelea kwa risasi, zungushia tepu ya umeme, kisha funga waya mbali na ekzosti. Kusokota peke yake kutakurudisha barabarani kabla ya Idul-Fitri au Krismasi, yoyote itakayotangulia!

Tahadhari

- Usitumie taa ya kujaribia yenye balbu kwenye waya za kompyuta. Tumia mita.
- Usipime omu wakati swichi imewashwa.
- Paipu za petroli za EFI zina shinikizo kubwa. Usizifungue injini ikiwa moto, na sigara ikae mbali.
- Waya za manjano za mifuko ya hewa ya usukani, usiziguse.
- Gari lililozama, usilistati. Toa waya wa betri, kausha soketi moja moja, na uhakikishe maji hayakuingia kwenye filta ya hewa.

Ya kujadili kikundini

1. Je, gari linalobeba wagonjwa wenu lina daftari la matengenezo? Nani huliandika?
2. Mita ya umeme ikinunuliwa kwa michango, itunzwe na nani?
3. Fundi akisema "sensa imekufa", mtamuuliza maswali gani kabla ya kutoa pesa?

Swali la tatu lina jibu fupi: "Umepima waya? Tuonyeshe kwenye mita." Fundi mzuri hatakasirika. Atafurahi kuona mwenye gari naye anaelewa.