Dondoo muhimu: Kabla hujatuma hela

Msimu wa ufuta na korosho Kibiti, simu haziishi. Mtu anajitambulisha kuwa ni wa benki au chama cha msingi, anakutajia jina lako kamili na kusema malipo yako yamekwama, eti umsomee namba za uthibitisho zilizoingia kwenye simu yako. Kata simu. Benki haiulizi namba ya siri wala namba hizo. Nenda kwa katibu wa chama chako cha msingi (AMCOS) ukaulize mwenyewe.

“Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja…” Meseji hii inawanasa wanaodaiwa kweli. Mpigie anayekudai kwa namba uliyoizoea, usikie sauti yake.

Ukiambiwa pesa imeingia kwako kimakosa, angalia salio kwanza. Meseji halisi ya muamala huja kwa jina la huduma, si kwa namba ya mtu. Hata kama hela imeingia kweli, usiirudishe mwenyewe: piga 100, mtandao wako ushughulikie.

Kwenye barua pepe za ajira au msaada, soma anwani ya mtumaji herufi kwa herufi. Kazi inayodai ada ya fomu, achana nayo.

Wa Nyamisati na visiwa vya delta, ambako wakala yuko mbali, msimwachie mtu simu pamoja na namba ya siri akawatolee hela.

Meseji ya kitapeli itume 15040. Piga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.