Kofia Moja, Kichwa Kimoja

BARUA

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili wa kiume, nakaa kwenye majumba ya ghorofa ya Kikwajuni, Unguja. Kushona kofia za mkono nimefundishwa na bibi yangu mzaa mama, na mpaka leo, jioni nikishamaliza kazi za nyumbani, hukaa na sindano yangu. Mwaka jana nilimshonea kaka yangu mkubwa kofia ya viua. Nilianza Mfungo Sita baada ya Maulidi, nikaimaliza Rajab inakwisha. Miezi minne na zaidi. Siku ya Idd akaja kula kwetu amevaa kofia ya mashine. Nilipomuuliza, akaniambia bila ya wasiwasi wowote kwamba ile yangu alimpa mgeni wake kutoka Maskati, aliyeisifu sana. Nikenda jikoni nikalia.

Sasa Mfungo Tisa umeandama na mambo yameanza upya. Mama anataka Idd hii kila mwanamume wa familia avae kofia yangu: mume wangu, baba mkwe, kaka zangu wawili, shemeji yangu na wanangu wawili. Ni saba. Shemeji amekwisha niletea picha ya nakshi anayoitaka. Mume wangu ananambia niachane na tabu hii, tukanunue za dukani Darajani, zote ni kofia. Na wifi yangu ni mjamzito, natamani kumfumia mtoto kitu. Wote nawapenda, lakini moyo umenipoa. Nifanye nini?

Mwenye Sindano, Kikwajuni

JIBU

Mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesita pale jikoni. Machozi yale yana haki yake. Asiyewahi kushona kofia ya viua huiona ni kitambaa cheupe chenye matundu. Anayeishona anajua kwamba nakshi huchorwa kwanza kwa penseli, kisha kila kitobo hutobolewa peke yake, kikazungushiwa uzi mpaka kikakaza, ndipo mkono uhamie kitobo cha pili. Vitobo hivyo ni mamia. Ukikosea kimoja, jicho lako halitaona kingine chochote kwenye kofia nzima mpaka ukifumue.

Kwa hivyo nakupa jibu kabla ya maelezo: usiache kushona, wala usishone saba. Idd hii shona kofia moja tu, na umshonee mume wako.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Kwa mkono wako kofia moja ni miezi minne. Saba ni miezi 28, yaani miaka miwili na miezi minne. Kutoka sasa mpaka sikukuu kuna Mfungo Tisa, Rajab, Shaaban na Ramadhani. Ni miezi minne, kofia moja, na hapo bado hatujahesabu jioni za Ramadhani ambazo mikono yako itakuwa kwenye unga na nazi za futari. Ukijilazimisha saba utatoa kofia saba zenye mishono ya haraka, au utalala saa nane za usiku mpaka macho yakuume, na sikukuu ikukute una hasira na kila unayemkabidhi. Zawadi iliyoshonwa kwa hasira hujulikana, hata kama nakshi yake imenyooka.

Sasa kaka yako. Najua ndiye aliyekuchoma, lakini hebu tuitazame kofia ile ilivyosafiri. Mgeni ametoka Maskati. Huko Oman kofia ya namna hii wanaiita kumma, wanaume wanaivaa kila siku, na wanajua kuitambua kazi ya mkono wakiiona. Mtu kama huyo anapoisifu kofia yako, amesifu akijua anachokisema. Kaka yako akatazama kila alicho nacho, akaona hana cha kumkirimu mgeni kilicho bora kuliko kile kilichokuwa kichwani mwake. Hakuitupa wala hakuiuza. Aliifanya heshima ya nyumba.

Kosa lipo, sikatai. Alitoa kitu asichokijua thamani yake. Lakini je, nani alimwambia? Katika barua yako hukuandika kama ulimweleza siku ile kwamba umeshona tangu Maulidi. Nadhani ulimkabidhi kimyakimya, kama tulivyofundishwa wanawake wa pwani, ukatarajia kofia ijieleze yenyewe. Ulimpa kofia, hukumpa khabari yake. Mwite siku moja, ukae naye peke yenu, umwambie: kaka, kofia ile nilishona miezi minne, na ulipoitoa niliumia. Usimdai, usimsimange, na usimpitishie maneno kwa mama. Mwambie tu. Naamini atainamisha kichwa, na kofia yoyote atakayoipata kwako baada ya hapo hatoitoa hata kwa mfalme.

Ama maneno ya mume wako kwamba zote ni kofia, mimi sikuyasikia ulivyoyasikia wewe. Nimeipekua barua yako kutafuta pahali uliposema umewahi kumshonea yeye, sikupaona. Huyu ni mtu anayekaa nawe kila jioni. Anakuona umeinama chini ya taa, anakusubiri uweke sindano mle chakula, na kofia ikikamilika inatoka mlangoni kwenda kwenye kichwa cha mtu mwengine. Mtu wa namna hiyo akisema zote ni kofia, huenda anasema kwamba hajawahi kupewa ile iliyo tofauti. Kwa wazee wetu kofia ya viua ilikuwa kwanza kazi ya mke kwa mumewe. Mwanamume akipita njiani, watu walimtazama kichwani wakajua ana mtu nyumbani anayemjali. Chanda chema huvikwa pete. Anza na kichwa kilicho karibu nawe.

Na usidhani unashona pambo. Sisi wa Kikwajuni ni watu wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, na Ng'ambo kwa sehemu kubwa ilijazwa na watu waliotoka utumwani. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897. Kabla ya hapo mtumwa alijulikana kwa vazi lake: miguu mitupu na kichwa kitupu. Walipokuwa huru, wanaume walivaa kanzu na kofia, wanawake wakajifunga kanga, ili anayewaona ajue kwamba hapa anapita mtu mwenye nafsi yake. Kofia katika mitaa hii ilikuwa tamko kabla ya kuwa zawadi. Ndiyo maana haifai kuigawa kama peremende za sikukuu. Inampasa anayepewa ajue amevishwa nini.

Haya, sasa kazi yenyewe. Kipimo usikichukue kwa kukisia. Iba kofia ya zamani ya mumeo inayomkaa vizuri, uipime mzingo kwa ndani na urefu wa ubavu. Kitambaa cha pamba kiloweke na ukikaushe kabla ya kukikata, kwani kikipungua baada ya miezi minne ya kazi hakuna wa kukipanua. Mzingo ugawe kabla ya kuchora: ukiwa sentimita 56, maua manane yatapata sentimita saba kila moja, na mwisho wa duara utakutana na mwanzo bila ya ua lililobanwa. Shona mchana kila unapoweza, karibu na dirisha, na utandike kitambaa cheusi mapajani. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe unayala macho, na macho yako bado tunayahitaji. Weka nia ya kumaliza ndani ya kumi la katikati la Ramadhani. Kumi la mwisho liachie ibada na chano za mikate.

Waliobaki sita usiwaache mikono mitupu, lakini kila mmoja ana fungu lake.

Baba mkwe mwambie waziwazi kwamba zamu yake ni Idd ya mwaka ujao, na umchukue kipimo mbele ya watu. Mzee akipimwa kichwa na mkwewe hujiona amekwisha pewa. Idd hii mfulie kofia yake bora aliyonayo, uitie kanji, uikaushe juu ya bakuli lililofudikizwa linaloenea, uifukize udi, umpelekee ikiwa imesimama kama mpya. Utafanya kwa siku mbili, na ataikumbuka mwaka mzima.

Wanao wafumie kofia za uzi. Kwa sindano ya kulabu na uzi wa pamba, kofia ya mtoto ni kazi ya jioni chache, na wao wataivaa kwenye pembea za sikukuu, wataiangusha mchangani, wataikalia. Umri wao ndio huo. Kofia ya viua kwa mtoto wa miaka sita ni kumtafutia kosa la kugombezwa.

Kaka zako na shemeji wanunulie za dukani, na usione haya. Mumeo kwa hili amesema kweli. Kofia ya mashine ni kofia ya halali na inafunika kichwa. Na shemeji aliyeleta picha ya nakshi mjibu hivi: nakshi nimeipenda, shemeji, bei yake ni kadhaa, nusu tangulizo kwa kitambaa na uzi, na utaipata ikimalizika. Anayechagua mwenyewe nakshi ameweka oda, na oda ina bei. Zawadi huchaguliwa na mtoaji. Ukizichanganya mbili hizi, utakuwa fundi usiyelipwa na ndugu usiyeshukuriwa. Akikasirika, hasira zake zitapoa kabla ya viua vyako kwisha. Akilipa, umepata kazi ya mikono yako, nayo ni riziki ya heshima.

Wifi yako usimsahau, na hapa fungua moyo, kwani kitu cha mtoto mchanga humalizika upesi na humrudishia mshoni furaha yake. Mfumie kofia ndogo na soksi kwa uzi wa pamba laini. Sufu nzito waachie watu wa nchi za baridi, maana mtoto wetu akizaliwa kaskazi joto litamsumbua hata bila ya kofia. Mishono ikaze ili vidole vyake visinase. Usitie vifungo wala shanga anazoweza kuzing'oa akazimeza, na usitie kamba ya kufunga shingoni. Mwambie wifi amvue kofia mtoto akimlaza. Kifue kitu chote kabla ya kumpelekea.

Siku ya kutoa, mwanangu, usirudie kosa la kimya. Asubuhi ya Idd, kabla mume wako hajatoka kwenda kusali, mpe kofia mkononi na useme maneno matatu tu: nimeanza Mfungo Tisa, nimemaliza Ramadhani, na kila kitobo nilikuwa nakufikiria wewe. Kisha mweleze namna ya kuitunza: ifuliwe kwa mkono, isikamuliwe, itiwe kanji na ikaushwe juu ya bakuli. Anayejua namna ya kutunza kitu huanza kukiona kuwa chake.

Baada ya hapo iachie. Hili ndilo gumu kuliko viua vyote. Kofia ikishatoka mkononi mwako, haki yako imekwisha na yake imeanza. Akiivaa kila Ijumaa mpaka ichakae, ni yake. Akiiweka sandukuni aivae siku za harusi tu, ni yake. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, lakini moyo huo lazima uwe umeridhia kabla sindano haijaingia kwenye kitambaa. Kama kuna mtu unajua hutoweza kumwachia, usimshonee.

Na jambo la mwisho. Bibi yako alikufundisha wewe. Nani unamfundisha? Skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana ilipofunguliwa mjini Unguja mwaka 1927, kazi za sindano zilikuwa miongoni mwa masomo, lakini mkono wako wewe ulipata ujuzi wake nyumbani, kwa mtu aliyekaa karibu nawe akakushika kidole. Mtafute mtoto wa jirani au mpwa wako mmoja, mwanzishie kitambaa kidogo na ua moja tu. Marehemu mama yangu alimshonea baba kofia moja, ninayo sandukuni mpaka leo, na kuna ua moja nyuma ambalo halikukaa sawa na wenzake. Ua hilo nilishona mimi, nikiwa na miaka tisa. Mama hakulifumua, na baba aliivaa kofia ile hivyo hivyo mpaka mwisho wa uhai wake.

Penseli yako ipo, na Mfungo Tisa ndiyo kwanza umeandama. Kaibe kofia ya mumeo leo usiku, mwanangu, uipime.