SOMO: PEDALI YA SAUTI KWA MPIGA BESI WA KWAYA

Vijana wengi wa kwaya wanaopiga gitaa la besi hutamani kununua pedali ya sauti. Fedha za kwaya ni michango ya watu, kwa hiyo yafaa tujue tunanunua nini. Tena liko jambo kubwa kuliko fedha. Besi ikizidi, wazee walioketi karibu na spika hawasikii maneno ya wimbo, na wimbo usiosikika maneno haumfundishi mtu.

1. Pedali ni nini?
Mikono ya mpiga besi yote miwili ina kazi. Pedali humwezesha kupunguza na kuongeza sauti kwa mguu. Akikanyaga kwa kisigino sauti hufifia. Akikanyaga kwa vidole hupanda. Lakini angalieni! Ipo pedali nyingine inayofanana nayo, ambayo haipitishi sauti ya gitaa, bali huongoza tu kinanda au chombo kingine. Dukani ulizeni wazi: gitaa huchomekwa wapi, na sauti hutokea wapi?

2. Ipi inafaa?
Tazameni kwanza gitaa lenu. Kama halina betri, tafuteni pedali ya ukinzani wa omu 250,000, iliyoandikwa 250K. Kama lina betri ndani, kwa kawaida ya volti 9, ya omu 25,000 (25K) ndiyo inayofaa. Gitaa lisilo na betri likichomekwa moja kwa moja kwenye 25K, sauti hupungua na kufifia, kama ya mtu anayesema ndani ya blanketi. Ernie Ball hutengeneza aina zote mbili. Boss huweka herufi H kwa pedali za gitaa na L kwa za kinanda. Pedali za namna hii hazihitaji umeme wala betri.

3. Iwekwe wapi?
Sisi wa mlimani tunaujua mfongo. Lango likiwa juu ya bwawa, ukilifunga, maji yaliyokwisha kuingia bwawani huendelea kufika shambani. Likiwa chini ya bwawa, shamba hukosa maji mara moja. Chombo cha mwangwi ni kama bwawa. Pedali ikiwekwa kabla yake, mwangwi humalizika taratibu. Ikiwekwa baada yake, vyote hunyamaza pamoja.

Chombo cha kukwaruza sauti ni tofauti. Pedali ikikitangulia, ukipunguza sauti unapunguza na mkwaruzo. Ikikifuata, mkwaruzo hubaki, ukubwa tu hupungua. Nacho chombo cha kusawazisha sauti, yaani kompresa, kitangulie pedali. La sivyo, mguu utapunguza na kompresa itapunguza tofauti hiyo. Basi mpango mwema ni huu: gitaa, kompresa, mkwaruzo, pedali, mwangwi, amplifaya. Katika mpango huu pedali hupokea sauti kutoka kwenye vyombo vyenye umeme, basi 25K hufaa hata kama gitaa halina betri, mradi chombo kinachoitangulia kimewashwa.

4. Jinsi ya kuitumia
Kanyageni pedali hadi mwisho, kisha rekebisheni amplifaya mpaka besi itoshe kwa wimbo wenye nguvu kuliko yote. Tangu hapo mguu ni wa kupunguza tu. Wakati wa masomo na sala, kisigino kiwe chini kabisa.

Zoezi: piga noti moja, ipandishe kwa hesabu ya nne, ishushe kwa hesabu ya nne. Mwenzako asimame nyuma ya kanisa, kisha kwenye kona. Uzi mzito wa besi hutetema kama mara 41 kwa sekunde, na sauti nene hivyo hujikusanya kwenye kuta na kona. Mpigaji hawezi kuipima akiwa mahali pake, amwamini msikilizaji.

Maswali ya kujadili kwaya
(a) Gitaa letu lina betri au halina?
(b) Je, tunahitaji mwangwi ukatike au umalizike taratibu?
(c) Nani kati yetu atasimama nyuma kusikiliza?