Parachichi la Nyumbani: Kupevuka Kwanza, Kuiva Baadaye

Kila msimu, mwenye mti wa parachichi uani hushawishika kulibonyeza tunda lililo mtini ili ajue kama limeiva. Jaribio hilo halimpi jibu, kwa kuwa parachichi haliivi likiwa mtini. Huko hupevuka, yaani hukamilisha ukuaji wake na kujaza mafuta; kulainika hufuata baada ya kuchumwa. Likichumwa changa litanyauka na kukunjamana, na nyama yake itabaki ngumu kama mpira.

Shahidi wa kwanza ni kalenda. Andika mwezi ambao mti ulichanua. Aina ya Fuerte huhitaji takribani miezi 6 hadi 8 tangu maua. Hass huchukua muda mrefu zaidi, hasa katika nyanda za baridi kama Njombe na Rungwe. Kisha tazama ganda: mng'ao wake hufifia tunda linapopevuka. Rangi pekee isikudanganye, maana Hass iliyopevuka huweza kuwa bado ya kijani.

Uthibitisho hupatikana kwa kisu. Chuma matunda matatu makubwa kutoka pande mbalimbali za mti, upasue moja. Utando unaofunika kokwa ukiwa mweupe na mnene, subiri. Ukiwa wa kahawia na mwembamba kama karatasi, tunda limepevuka. Yale mawili yaweke kivulini ndani ya nyumba. Yakilainika sawasawa ndani ya wiki moja hadi mbili bila kukunjamana, mti uko tayari. Wapo wanaoona uchungu kutoa matunda matatu kwa jaribio, ilhali hawaoni uchungu kupoteza gunia.

Mwenye mizani ya jikoni aweza kupima zaidi: akwangue gramu 100 za nyama, azikaushe kwa moto mdogo bila kuziunguza hadi uzito usipungue tena. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka Hass ibakize angalau gramu 21, na Fuerte 20.

Kipimo hiki kina faida pia mbele ya mnunuzi anayefika mapema na kutaka kuvuna mti mzima kwa siku moja. Mti huchanua kwa wiki kadhaa, hivyo matunda yake hayapevuki pamoja. Mpasulie tunda mbele yake, mwone utando wote wawili, kisha mkubaliane kuchuma kwa awamu, makubwa yakitangulia. Akikataa, ni afadhali matunda yabaki mtini, ambako parachichi lililopevuka huweza kungoja kwa wiki kadhaa bila kuharibika.

Usiutikise mti wala kuyaangusha matunda kwa fimbo. Yakate kwa mkasi ukiacha kipande kifupi cha kikonyo, kwani kikonyo kikinyofoka hufungua njia ya kuoza. Ukitaka machache yaive upesi, yafunge katika mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu.