SOMO: Tumaini Lenye Njia

Lengo: Kumsaidia mwanafunzi wa chuo kikuu ajiandae kwa kazi bila kumwona mwenzake kuwa adui.

Kwa miaka mingi vijana wa Lubumbashi walitazamia mlango mmoja wa kazi: kampuni ya migodi, Union Minière, na baadaye Gécamines. Kampuni ilitoa mshahara, nyumba, shule, hospitali na posho ya unga. Katikati ya miaka ya 1980 ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 hazikufika 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari.

Kazi zilipopungua, amani nayo iliyumba. Mwaka 1992 na 1993 wanasiasa waliwachochea watu dhidi ya majirani wenye asili ya Kasai, kwamba wamewanyang'anya wenyeji kazi. Maelfu kwa maelfu walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Ndiyo maana sisi tunaofundisha amani tunazungumzia pia ajira.

Tumaini ni nini?

Mwanasaikolojia wa Marekani, C. R. Snyder, alifundisha kwamba tumaini si kungoja bahati. Lina sehemu tatu: lengo lililo wazi, njia za kulifikia, na nia ya kuzifuata njia hizo. Mwenye njia moja tu hukata tamaa ikifungwa, na aliyekata tamaa hutafuta wa kumlaumu.

Tuseme mwanafunzi wa jiolojia analenga kazi mgodini. Hiyo ni njia moja. Je, hawezi pia kufanya kazi ya kuchimba visima vya maji Katuba au Ruashi, kusaidia katika maabara ya madini, au kufundisha sekondari? Kila njia ina hatua ya kuanza leo: kuomba staji, kujifunza kompyuta, kumtembelea mtu anayeifanya kazi hiyo.

Tusidanganyane. Tumaini haliondoi rushwa wala upendeleo wa kikabila katika kuajiri. Hayo lazima yapingwe. Lakini mwenye njia tatu si rahisi kumnunua kwa bia na fulana wakati wa uchaguzi.

Zoezi la kikundi (dakika 40)

1. Kaeni wanne wanne, wa makabila na vitivo tofauti.
2. Kila mmoja aandike lengo moja na njia tatu.
3. Wenzake wamwongezee njia ya nne, na jina la mtu wanayemjua anayeweza kumsaidia.
4. Kila mmoja ataje hatua atakayoifanya wiki hii. Kutaneni tena baada ya wiki mbili kuulizana.

Maswali ya kujadili

- Ukisikia nafasi ya kazi, unamwambia nani kwanza? Kwa nini?
- Nani hunufaika tunapoambiwa kwamba kabila fulani limechukua kazi zetu?

Umoja ni nguvu.