Chujio la Maji Darasani: Mambo Manne Mwalimu Ayajue



Ndugu wasomaji, baadhi yetu tunajitolea kufundisha watoto wa darasa la sita hadi la nane hapa New Site. Wengi hukwepa uhandisi wakidhani ni wa wenye hesabu nzito. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, na mlango wa somo hili nimeuona katika Surat Saba', aya ya 10 na 11: Nabii Daud (a.s.) analainishiwa chuma, kisha anaamrishwa atengeneze mavazi ya chuma na apime sawasawa pete zake. Neema ya chuma haikumwondolea wajibu wa kupima.

Tuchukue mfano wa maji. Nyumba nyingi Juba hununua maji ya mto yanayoletwa na malori. Wape watoto chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, kitambaa, mkaa uliopondwa, mchanga uliooshwa na kokoto, watengeneze chujio.

Kwanza, haja na mipaka. Sayansi huuliza kwa nini maji yana tope. Uhandisi huuliza tufanyeje, kwa vifaa hivi, ndani ya dakika 40.

Pili, kipimo kimoja kwa wote. Kila kundi limimine nusu lita ya maji yaleyale, liandike yamechukua dakika ngapi na yametoka vipi. Al-Jazari, aliyekamilisha kitabu chake cha mitambo 50 mwaka 1206, aliandika hatua zake ili fundi mwingine aweze kuiunda.

Tatu, badilisha jambo moja. Chujio likitoa tope, usiwatengenezee. Wakibadilisha mchanga na mkaa kwa pamoja, hawatajua kipi kimesaidia.

Nne, ukomo wa kifaa. Hili ndilo zito. Mchanga hunasa tope, lakini vijidudu vya kipindupindu ni vidogo mno, vinaweza kupita. Juba ilipata mlipuko wa kipindupindu mwaka 2014. Kabla ya kengele, kila mtoto aseme kwa kinywa chake: maji haya hayanyweki mpaka yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Akienda kumpa mdogo wake maji maangavu yasiyochemshwa, somo letu limewadhuru. Watoto hawa ni amana.

Zoezi: Jenga chujio mwenyewe kabla ya kufundisha, uandike lilipokushinda.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.